NISHATI KATIKA HOTELI: MAFUNZO KUTOKA LUSHOTO NA MILIMA YA USAMBARA

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, wenye hoteli na wakaazi



Huenda likaonekana jambo la ajabu kwamba mazungumzo yanayotolewa kisiwani, ambako mgeni wa hoteli hulalamikia joto, yaanzie Lushoto, ambako mgeni hulalamikia baridi. Sababu zipo, na ya kwanza ni waya. Tangu mwaka 2010 kisiwa cha Pemba hupata umeme kwa njia ya waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na Lushoto ni wilaya ya Mkoa huo huo wa Tanga. Kabla ya hapo Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli, na kila mtumishi aliyefanya kazi huko miaka ile anakumbuka jinsi saa za umeme zilivyohesabiwa kwa vidole.

Umeme wa gridi ya Taifa hutoka sehemu nyingi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ilikuwa ya gesi asilia, na tangu Februari 2024 bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha. Lakini vituo vilivyo karibu zaidi na mwanzo wa waya wa Pemba ni vile vya mto Pangani: Hale, kituo cha megawati 21 kilichoanza mwaka 1964, na Maporomoko Mapya ya Pangani, megawati 68, kilichokamilika mwaka 1995. Mto Pangani huanzia Kilimanjaro na Meru, lakini kabla ya kufika Hale hupokea pia maji ya Mkomazi na ya Luengera, na mito hiyo miwili hunywesha maji yanayoteremka kutoka milima ya Usambara. Msitu wa Magamba ulio juu ya mji wa Lushoto ni mojawapo ya misitu inayoyashika maji ya milima hiyo na kuyaachia kidogo kidogo.

Kwa hiyo kuni inayochomwa kupasha maji ya mgeni Lushoto, na swichi inayoachwa wazi katika chumba kisicho na mtu kisiwani, si mambo mawili yaliyo mbali kama ramani inavyoonyesha.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Mwezi Mei 2008 waya wa Unguja ulikatika na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza likadumu hadi Machi 2010. Katika miezi ile, hoteli zilizokuwa na majenereta ziliendelea kufanya kazi, lakini kwa gharama iliyowafanya wenyewe wajifunze hesabu ambayo hawakuwahi kuifanya: ni kitu gani hasa ndani ya hoteli kinachokula umeme? Waya mpya wa megawati 100 ulipowashwa mwaka 2013, wengi waliifunga ile daftari ya hesabu. Mazungumzo haya yanakusudia kuifungua tena, kwa kutumia mfano wa mahali ambapo hesabu ni nyepesi kuonekana kwa sababu gharama yake hubebwa kichwani.

Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Msafiri huiacha barabara kuu Mombo, hupanda kwa magunzi kupitia Soni yenye maporomoko yake, na kwa kilomita 33 tu huwa ametoka kwenye mashamba ya mkonge na joto la bonde na kuingia kwenye mashamba ya kabeji, pea na plamu. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuufanya mahali pa kupumzikia, na nyumba kadhaa za walowezi ndizo leo nyumba za wageni, zikiwa na meko ya ukutani, dohani za mawe na bustani za maua. Wageni ni wa namna nyingi: watalii wanaotembea kwa miguu hadi Irente kuitazama nyika ya Wamasai kutoka ukingoni, masista na mapadre, wanafunzi, na watumishi wa Serikali wanaokwenda kwenye mafunzo, kwani Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo hapo na semina ni nyingi.

Juni hadi Agosti ukungu hukaa mabondeni hadi saa nne asubuhi. Mgeni wa wakati huo hutaka mambo matatu: maji ya moto, chakula cha moto na chumba kisicho baridi. Taa huja nyuma ya hayo yote.

Hapa ndipo inapofaa kufanya hesabu moja kwa utulivu, kwa vile watu wengi, wakisikia neno kuokoa nishati, hufikiria kuzima taa. Ichukuliwe hoteli ya vyumba 20 iliyojaa, watu wawili kila chumba. Taa 40 za kisasa za wati 9, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia chini ya yuniti 2 za umeme. Zikiwa balbu za kizamani za wati 60, hutumia yuniti 12. Ni tofauti njema, na asiyebadilisha balbu hizo mpaka leo hana udhuru. Sasa yatazamwe maji. Mtu mmoja akioga kwa lita 40, na maji yakapandishwa kutoka nyuzi joto 15, kama yanavyotoka mferejini Lushoto wakati wa kipupwe, hadi nyuzi 40, nishati inayoingia ndani ya maji hayo ni yuniti 1 na kidogo. Watu 40 ni yuniti 47 kwa siku. Hoteli iliyozima taa zake zote na kuliacha hita la maji kama lilivyo imefunga tundu la sindano na kuuacha mlango wazi.

Hoteli ndogo nyingi za milimani hazitumii umeme kwa kazi hiyo. Hutumia kuni, na pipa la chuma juu ya mafiga, nyuma ya jiko. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya takriban yuniti 4. Ikiwa moto uko wazi, upepo ukipita pande zote, ni kama sehemu moja tu kati ya nane inayoingia ndani ya maji. Zilizobaki huwapasha moto ukuta, mpishi na mawingu. Kwa yuniti 47 zinahitajika kilo 94 za kuni kila siku. Mzigo ambao mwanamke wa Usambara huteremka nao kilimani una kilo 20 na kitu. Basi hoteli moja ya vyumba 20 huoga mizigo minne ya kuni kwa siku, kabla ya kupika chai.

Si haki kusema kwamba kuni hizo zote hutoka katika misitu ya hifadhi. Wasambaa ni wakulima hodari wa miti. Mikalitusi, miwati na migrivea imesimama mipakani mwa mashamba yao, na mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kilimo mseto ulioendeshwa Lushoto tangu miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajerumani ulisambaza miche mingi pamoja na majani ya kulisha ng'ombe kwenye kingo za matuta. Lakini mwenye hoteli anayenunua kuni langoni hajui zimetoka wapi, na jivu halisemi. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000. Ndani yake imo mikulo, mti mkubwa ambao wataalamu wameupa jina la Usambara yenyewe. Mti huo hauoti upya kwa muda wa mkopo wa benki.

Historia imekwisha kuonyesha jambo hili mara moja. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Kijerumani ilijenga njia ya waya wa angani kutoka Shume, juu kabisa, hadi kituo cha reli cha Mkumbara bondeni, kwa ajili ya kuteremsha magogo ya mwangati. Ilikuwa kazi ya uhandisi iliyostaajabiwa Ulaya. Njia hiyo haipo tena, na miangati ya Shume ya wakati ule haipo pia.

Wasambaa wenyewe wana maneno mawili ambayo wanahistoria wameyaandika: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi hata mvua inyeshe kwa wakati wake, na kubana shi, kuidhuru nchi. Zamani mtawala wa Kilindi pale Vuga ndiye aliyeulizwa ni lipi kati ya hayo analolifanya. Leo swali hilo lina watu wengi wa kulijibu, na mwenye hoteli ni mmojawapo.

Njia ya kutoka haianzii kwenye duka la mitambo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mara nyingi mwenye hoteli huuziwa kwanza paneli, kisha hugundua kwamba paneli hazitoshi, kisha huzilaumu. Mpango ulio sahihi ni kupunguza matumizi kwanza, kisha kutafuta nishati ya kujaza kilichobaki. Kichwa cha bomba la mvua chenye matundu madogo, kinachomtosha mtu kwa lita 25 badala ya 40, ni kifaa rahisi, na kwa hoteli ile ile huteremsha yuniti 47 hadi 29. Hakuna mtambo wa jua unaofanya hivyo kwa bei hiyo. Mabomba yanayopeleka maji ya moto vyumbani yakiviringishwa kwa kitu kizito, na tangi likavikwa vivyo hivyo, mgeni hahitaji kuyamwaga maji ya baridi kwa dakika tatu akisubiri ya moto. Watunza bustani huyafurahia maji hayo. Mwenye kulipa kuni hayafurahii.

Baada ya hapo ndipo jua huingia. Mtambo wa kupashia maji kwa jua ni kitu rahisi sana, na fundi bomba mwenye bidii huweza kuuelewa kwa asubuhi moja. Maji hupita katika mabomba yaliyobanwa kwenye bamba jeusi chini ya kioo; yakipata moto huwa mepesi na kupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu, na yaliyo baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala umeme. Katika siku ya kawaida yenye jua, mita moja ya mraba hukusanya kiasi cha yuniti 2 na zaidi. Kwa yuniti 47 zingehitajika mita 20 za mraba. Kwa yuniti 29 zinatosha mita 12 au 13. Huo ndio ushahidi wa kwamba kuokoa nishati na kutumia nishati jadidifu ni kazi moja yenye hatua mbili, na kwamba hatua zikigeuzwa gharama hupanda.

Ukungu wa Julai lazima usemwe wazi, kwani kuuficha ndiko kulikowavunja moyo wengi. Zipo siku ambapo Lushoto haioni jua mpaka alasiri, na maji huwa vuguvugu tu. Kwa siku hizo jiko la kuni hubaki, lakini lisiwe lile la mafiga. Jiko lililojengwa kwa matofali, lenye mlango na dohani, na tangi likiwa limezungukwa na moshi wa moto, huipa maji robo ya nishati ya kuni badala ya sehemu moja ya nane. Kuni huwa nusu. Na kuni zenyewe zikaushwe: gogo lililokatwa jana lina maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hutumika kwanza kuyachemsha maji hayo ambayo hakuna mgeni atakayeyaoga. Banda lenye paa na kuta wazi, kuni zikikaa miezi sita, ni kifaa cha kuokoa nishati kama kilivyo kifaa kingine chochote, ingawa hakuna anayelipiga picha.

Meko ya ukutani katika vyumba vya zamani ni mapambo mazuri. Joto lake karibu lote hutoka kwa dohani, na kwa kutoka kwake huivuta hewa baridi kupitia nyufa za milango, hata mgeni aliye mbali na moto huona baridi zaidi kuliko kama usingewashwa. Moto mmoja katika sebule, ambako wageni wote hukaa pamoja, blanketi la pili, pazia zito na chupa ya maji moto kitandani huwaridhisha watu kuliko mioto ishirini. Wazee wa hoteli za milimani walilijua hili tangu zamani.

Kuhusu jiko la chakula, Serikali ya Muungano ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Kwa Lushoto, mbali ya gesi ya mitungi, ipo biogesi. Ng'ombe wa Usambara wengi hufugwa zizini kwa sababu ardhi ni finyu. Samadi iko mahali pamoja, na ng'ombe wawili huweza kulisha mtambo mdogo wa jiko la nyumba. Hoteli yenye ng'ombe wake wa maziwa, na zipo, inayo kazi ya kuunganisha tu zizi na jiko. Tope linalotoka ni mbolea ya bustani. Kasoro yake ni baridi: vijidudu vinavyotengeneza gesi hufanya kazi polepole kipupwe kinapofika, hivyo mtambo wa milimani uwe mkubwa kuliko wa pwani, na ufukiwe ardhini vizuri.

Kuna funzo jengine la Lushoto ambalo si la kiufundi. Mwaka 1946 utawala wa Kiingereza ulianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi, na wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta kwa amri, kwa kutozwa faini. Wasambaa waliukataa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli; wataalamu hawakukosea katika hilo. Walikosea kudhani kwamba jambo la kweli halihitaji kuelezwa kwa anayelibeba. Miaka 30 baadaye majani ya kulisha ng'ombe yalipandwa kwenye miinuko ile ile kwa hiari, kwa kuwa mkulima aliona maziwa. Mhudumu wa chumba anayeambiwa zima hiki, zima kile, bila ya kuonyeshwa mita inavyosoma, atazima siku meneja anapopita.

Sasa kwa upande wa visiwa. Hapa adui si baridi, na mashine inayokula zaidi ni kiyoyozi. Lakini kanuni ni zile zile, kwani kiyoyozi nacho ni biashara ya joto: hulitoa chumbani na kulitupa nje. Huonekana jambo la kusikitisha mtu akizunguka nyuma ya hoteli ya ufukweni, akakuta mashine zinapuliza hewa ya moto upande mmoja wa ukuta, na upande wa pili hita la umeme linapasha maji ya kuogea. Joto lile lile linalotupwa laweza kuyapasha maji hayo, na mitambo ya kufanya hivyo ipo madukani. Jua la pwani halina ukungu wa Julai. Hoteli ya kisiwani inayopasha maji kwa hita la umeme peke yake inalipia kwa waya kutoka Bara kitu kinachoanguka bure juu ya paa lake.

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa kuta nene, dari ndefu na madirisha yanayopokeana upepo, na waliozijenga hawakuwa na mita ya kuwaonya. Hoteli mpya yenye ukuta wa kioo unaotazama machweo humtaka kiyoyozi afanye kazi ambayo ukuta ulikuwa ukiifanya bila malipo. Wanaopitisha ramani za majengo wanalo neno la kusema kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Jenereta nalo lipimwe kwa kazi yake. Jenereta kubwa linalowashwa usiku kucha kwa ajili ya majokofu mawili na taa za njiani hunywa dizeli kwa wingi usiolingana na kazi hiyo. Betri zilizochajiwa na paneli za umeme wa jua, au jenereta dogo la pili, humaliza usiku kwa gharama ndogo na bila ya kumwamsha jirani.

Kikwazo kikubwa ambacho wenye hoteli hukitaja ni fedha ya mwanzo, na ni cha kweli. Kipo kingine kisichotajwa sana: mara nyingi mwenye jengo si mwenye biashara. Mpangaji wa miaka mitatu haweki mtambo utakaomlipa kwa miaka mitano, na mwenye jengo hajali bili asiyoilipa. Jambo hili hutatuliwa kwenye mkataba wa kupanga, kwa kuandika kwamba mtambo uliowekwa kwa ridhaa utakatwa katika kodi. Hoteli na nyumba za wageni zilizo mali ya umma zinaweza kuanza kuandika hivyo bila kusubiri sheria mpya.

Watumishi wa Serikali waliopo hapa wana nguvu ambayo huenda hawajaihesabu. Semina na mikutano ya idara hujaza vyumba vingi vya hoteli, Lushoto na visiwani, na fedha ni ya umma. Ofisa anayetafuta ukumbi huuliza bei ya chumba, idadi ya viti na kama chai imo. Anaweza kuongeza maswali matatu kwa simu ile ile. Maji ya kuogea hupashwa kwa nini? Kuni au mkaa, kama vinatumika, hununuliwa kwa nani? Na mita ya umeme ilisoma yuniti ngapi jana saa 12 jioni, na ngapi leo saa 12 asubuhi? Meneja ambaye hana jibu la swali la tatu atakwenda kuitazama mita yake jioni hiyo hiyo.